Barua ya Bima Aliyompelekea Mumewe

Saa moja na nusu asubuhi. Saveta Hulubaș anapanga barua juu ya meza ya mbao katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji cha Măgura Arsă, milimani mkoani Neamț. Hajavua koti. Jiko la kuni limewashwa sasa hivi, na pumzi yake bado inaonekana kila anaposoma jina.

Barua za kawaida ni chache: bili za umeme, magazeti mawili, kadi moja kutoka Italia. Rundo kubwa ni la bahasha nyeupe zenye kidirisha cha plastiki, jina la mtu likichungulia ndani. Leo ziko kumi na nne.

"Hizi sipendi hata kuzishika," anasema. "Zamani nilikuwa nabwekewa na mbwa. Siku hizi nabwekewa na mbwa na mwenye mbwa."

Saveta ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini na saba amepeleka barua kwa miguu, kilomita kumi na moja kwa siku, masika na kiangazi, matope na theluji. Kijiji kizima kilimwita Saveta wa Barua. Tangu Septemba, wapo waliombatiza upya. Wanamwita Bundi.

Bahasha za kidirisha zinatoka kwenye mfuko wa bima ya afya na ofisi ya kodi. Hadi Agosti iliyopita, mtu asiye na mshahara aliweza kubebwa na bima ya mume au mke wake mwenye kazi. Ndipo ikaja sheria mpya. Serikali ilisema hazina ina shimo, wanaotibiwa ni wengi kuliko wanaochangia, na kila mtu mzima sharti atoe fungu lake, asilimia kumi ya kipato.

Kwa asiye na kipato, fungu hilo limekadiriwa kuwa takriban lei 2,400, fedha ya huko, kwa mwaka. Mshahara wa Saveta, ukifika mkononi, ni lei 2,650 kwa mwezi.

Anaweka mkoba begani, anakaza kamba za buti na kutoka, mwandishi akimfuata.

Nyumba ya kwanza kupata bahasha ni ya Gavril, mvuta magogo, chini ya kilima. (Majina ya mume na mke wa nyumba hii tumeyabadilisha.) Gavril na majirani wawili wamesimama uani wakizunguka gogo la msonobari, kila mmoja na kikombe cha kahawa.

"Bundi huyo," anasema Gavril. "Leo umemletea nani msiba?"

"Mkeo."

"Mke wangu hajui kusoma."

"Anuța nimekaa naye dawati moja, Gavril. Majibu yote ya hesabu nilikuwa nanakili kwake."

"Basi mwambie apige hii: mtu asiyepata kitu, asilimia kumi yake ni ngapi?"

Majirani wanacheka. Mmoja anasema, "Mpeleke monasteri awe mtawa, hutalipa."

"Thubutu. Nasikia hata watawa wameandikiwa."

"Basi wamebaki maiti tu."

"Usiwape wazo, we."

Gavril anatia saini kwa niaba ya mkewe, kwa sababu barua za aina hii mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuzipokea. Anaikunja bahasha mara mbili bila kuifungua na kuichomeka kwenye kikapu cha vijiti vya kuwashia moto. Anuța yuko mlangoni, ameshika ndoo ya nguruwe. Anamtazama Saveta.

"Mimi nilikuwa nawaelewa," anasema Saveta akipanda kilima. "Mtu akitupa barua, najisemea, ni yake, afanye anavyotaka. Kazi yangu ni kufikisha. Sasa siwezi tena kujisemea hivyo."

Nyumba ya juu kabisa ni ya Paraschiva Dascălu, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa. Yeye hana bahasha. Saveta amemletea pensheni, na anamhesabia noti mezani kama afanyavyo kila mwezi.

"Imepungua tena," anasema bibi huyo kabla hesabu haijaisha.

"Lei arobaini, shangazi. Pensheni ikizidi elfu tatu, asilimia kumi ya ile ziada wanaikata kwa ajili ya bima."

"Najua wanachokata. Nilichangia miaka thelathini na minane nikiwa mzima. Sasa nusu yangu iko kaburini, na bado nachangia kwa nusu iliyobaki."

"Lei arobaini si nyingi, shangazi."

"Si nyingi kwa mwenye mia nne za akiba." Anazikunja noti na kuzitia chini ya kitambaa cha meza. Kisha sauti yake inabadilika. "Nechita anakula?"

"Anakunywa, shangazi."

Bibi Paraschiva anaitika kwa kichwa. Anamwekea Saveta mtungi wa supu kwenye mkoba, chini ya barua, na kumsindikiza hadi mlangoni.

Nechita ni mume wa Saveta. Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao kilichokuwa bondeni, hadi kilipofungwa. Baada ya hapo akaishi kwa nyuki, uyoga wa porini na vibarua vya kukata kuni. Waajiri wa mjini walimwona mzee. Watu wa pensheni walimwona kijana, wakamwambia arudi baada ya miaka sita.

Alikuwa akibebwa na bima ya mkewe.

Siku ile ya Septemba, Saveta anaikumbuka hadi nguo aliyovaa. Alikuwa anapanga barua, bahasha ya tano akasoma jina, akaenda ya sita, kisha akarudi kwenye ya tano. Kwenye kidirisha palikuwa na jina la Nechita Hulubaș.

"Nilizunguka nayo kijiji kizima," anasimulia. "Ningeweza kuanzia nyumbani, ni karibu. Nikaiacha iwe ya mwisho."

Nechita alikuwa uani akipasua kuni. Saveta akajaribu utani. Akasimama langoni na kuita kwa sauti ya kazini, "Bwana Nechita Hulubaș yupo?"

"Hayupo. Amekwenda Amerika."

"Ana barua ya kutia saini."

"Ya mapenzi?"

Aliisoma akiwa amesimama, mkono mmoja karatasi, mkono mwingine shoka. Akairudia. Kisha akaichomeka karatasi kwenye mfuko wa koti la mkewe.

"Miaka ishirini na miwili walinikata kila mwezi," alisema. "Sikuugua hata mafua ya kunilaza. Hela zangu ziko wapi? Wazitafute hizo kwanza, wakizikosa ndipo waniandikie."

Saveta hakubishana naye.

"Alikuwa na haki," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mkorofi ningemgombeza. Lakini mtu mwenye haki unamwambia nini?"

Bahasha ikaingia kwenye droo, nyuma ya vijiko. Nyumbani zilikuwapo lei elfu mbili na mia tano za asali ya kiangazi, karibu kiasi kilekile kilichotakiwa. Wakanunua jiko la kuni, kwa sababu la zamani lilikuwa linatoa moshi ndani. Mwandishi anapofika hapo na kalamu yake, Saveta anamzuia.

"Mimi ndiye niliyesema tununue jiko. Liandike hilo. Usiandike kwamba alikataa yeye tu."

Oktoba, Nechita akaanza kuloweka mkate kwenye maziwa. Saveta akamcheka, akamuuliza kama ameanza kuota meno ya utoto. Akajibu kwamba meno ndiyo yanamsumbua. Baadaye akawa anautaka ugali mwepesi kama uji, bila jibini. Kisha akawa anakula peke yake mchana, mkewe akiwa njiani na barua. Saveta akirudi anakuta sahani imeshaoshwa.

"Njaa iliniwahi," alikuwa akisema.

Mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari. Baada ya majuma mawili akatoboa la pili. Saveta aliyaona yote mawili. Alimwambia amekonda, akaambiwa ni kazi za vuli.

"Kilichonifungua macho ni mbwa," anasema. "Mbwa wetu alinenepa. Novemba, mbwa wa mlimani ananenepa kwa nini? Siku moja nikarudi mapema. Nikamkuta Nechita amekaa kwenye ngazi ya ghala, anakata nyama yangu niliyompikia vipande vidogo vidogo na kumpa mbwa. Vizuri tu, kwa upole, kama anamlisha mtoto. Alinitazama, akasema, 'Haipiti, Saveta.'"

Kesho yake wakaenda kwa Daktari Mihaela Ursache, daktari wa familia anayehudumia vijiji vitatu. Aliwapokea bila kudai chochote. Alipoingiza namba ya Nechita, kompyuta ikaandika kwamba hana bima.

"Karatasi ya kumpeleka hospitali ningeweza kuiandika," anasema daktari huyo. "Lakini kwa mtu asiye na bima, karatasi yangu haina kazi. Afadhali ifungiwe jibini."

Nechita alihitaji kipimo cha kupitisha kamera kooni. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, alipe mchango, aingie kwenye bima, apange foleni na wenye bima wenzake. Nafasi ya karibu ilikuwa Februari. Ya pili, aende kwenye kliniki ya kulipia na atoe lei 850 siku hiyohiyo.

Saveta alifanya yote mawili. Alipanda basi hadi mjini na kulipa sehemu ya kwanza ya mchango kwa mshahara wake. Fedha za kliniki zilitoka kwa binti yao, Ilinca, anayetunza wazee huko Italia.

"Mwanangu analisha wazee wa watu kwa kijiko," anasema Saveta. "Baba yake huku chakula hakipiti. Nilimpigia simu. Akauliza, 'Mama, ilikuwa kiasi gani, ile bima?' Nikamwambia. Akasema, 'Mbona hukuniambia?'"

Majibu yalitoka katikati ya Desemba. Ulikuwa uvimbe kwenye umio, mkubwa kiasi cha kuacha upenyo wa unene wa bua la ngano. Daktari wa hospitali, kijana wa kiume mwenye miwani, aliwaeleza bila kuwaficha kwamba kukata hakuwezekani tena. Wangejaribu dawa na mionzi, ili kupunguza.

"Mbona mmechelewa?" aliuliza.

"Tulikuwa tunasubiri watuandikie barua ya pili," alijibu Nechita.

Kijana yule hakuelewa, akaandika kitu kwenye faili.

Wakapelekwa dirisha la usajili. Muuguzi aliyekuwa pale, mama wa makamo, alijaza fomu mbili, akapiga muhuri, akasema kuanzia siku hiyo Nechita ana bima kamili. Hatalipa kitu. Wagonjwa wa saratani wasio na kipato wamesamehewa mchango.

Saveta hakusikia vizuri, au alisikia akadhani amekosea. Akaomba aambiwe tena. Akaambiwa.

"Na zile nilizolipa mjini mwezi uliopita?"

"Hizo zimeshalipwa, mama."

"Kwa hiyo sasa kansa ndiyo imemlipia?"

Muuguzi akazitazama karatasi zake. "Tuseme hivyo, mama."

Kwenye korido, Nechita akamshika mkewe kiwiko. "Si nilikwambia silipi?" alisema. "Mwisho wake wameona aibu wenyewe." Saveta anasema hapo ndipo alipokaa kwenye benchi ya watu waliokuja kutoa damu, na kijana mmoja akampisha akidhani ni mchangiaji.

Daktari Ursache anajua hesabu za pande zote. "Mfuko umetoboka, hilo ni kweli na si la jana," anasema. "Wanaotibiwa ni wengi, wanaochangia ni wachache. Lazima mtu alipe. Ila walipotafuta kiraka, wamekikata kwenye shati la mtu ambaye hana shati la pili. Hapa kwangu wapo zaidi ya mia mbili waliotoka kwenye bima tangu Septemba. Siwaoni. Wakiwa wazima sawa, lakini mimi sijui kama ni wazima. Hawaji."

Anaulizwa kama Nechita angepona iwapo angekuja Septemba.

"Siwezi kuapa. Uvimbe haukuanza na sheria. Ila Septemba alikuwa anameza."

Saa saba mchana Saveta yuko nyumbani, kabla ya kurudi ofisini na orodha ya saini. Ana dakika arobaini. Nechita amekaa dirishani, blanketi magotini. Desemba alikuwa na kilo sitini na tatu. Sasa ana hamsini na moja. Madaktari wamemwekea mrija mdogo tumboni. Saveta anaipasha moto supu ya Bibi Paraschiva, anaichuja mara mbili kwa kitambaa, anaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha anaisukuma polepole.

"Ya nani hii?" anauliza Nechita.

"Ya Shangazi Paraschiva."

"Ametia bizari?"

"Ametia."

"Basi ni nzuri." Haonji kitu. Ananusa tu mvuke wa sufuria.

Anataka habari za kijiji. Kila mchana anazitaka.

"Umepeleka ngapi leo?"

"Kumi na nne."

"Wametia saini?"

"Kumi na mmoja. Watatu wamejificha."

"Wamejificha wapi?"

"Mmoja alikuwa nyuma ya farasi. Nikahesabu miguu sita."

Nechita anacheka. Kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi kinachukua muda. Saveta anamshikilia mabega hadi kinapopita, kisha anamfuta mdomo, naye anageuza uso dirishani.

"Ungemwachia barua yule farasi," anasema alipopata pumzi. "Angalau ana kazi."

Kinachomkosesha Saveta usingizi sasa ni Alhamisi. Kila Alhamisi Nechita anatakiwa awe hospitali mjini Iași, mwendo wa saa tatu na nusu kwa basi, na peke yake hawezi kwenda. Amepangiwa awamu kumi na nane. Siku za likizo za Saveta zilizobaki ni kumi na moja. Akiacha kazi amtunze, mshahara unakwisha, na bima yake mwenyewe nayo inaondoka. Miezi michache baadaye naye atakuwa mmoja wa watu wa bahasha.

"Mimi nina presha," anasema. "Nina goti bovu. Tukianguka wote wawili, nani atamshika mwenzake?"

Amezungumza na Costache, mpeleka barua wa kijiji jirani. Wamekubaliana Costache atazunguka Măgura Arsă siku za Alhamisi zitakazokosa likizo, na Saveta atalipa kwa kuzunguka kijiji cha Costache siku yake ya mapumziko. Ni kilomita kumi na sita, na kipo mlima mmoja katikati. Mkubwa wao wa kazi hajaambiwa. Au ameambiwa na akajifanya hakusikia. Saveta hana hakika.

Alasiri hiyo, akirudi, mtu anamngoja darajani. Ni Anuța, mke wa Gavril. Amejifunga kitambaa hadi puani na hana ndoo wala kikapu cha kumpa sababu ya kuwa pale.

"Alhamisi mnaondoka saa ngapi?" anauliza.

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa nini?"

Anuța anaangalia nyuma yake, barabara nzima. Kisha anauchukua mkono wa Saveta, glavu na yote, na kuubana chini ya koti lake, upande wa kushoto, karibu na kwapa. Anauacha hapo.

"Tangu lini?" anauliza Saveta.

"Agosti. Kilikuwa kama kokwa ya plamu. Nikasema kitaondoka."

"Gavril anajua?"

"Gavril ananiambia nina mafuta." Kutoka mfukoni anatoa leso iliyofungwa fundo. "Ni za mayai na za sufu. Najua hazitoshi mwaka. Kwa kuanzia, zinatosha?"

"Za kuanzia zinatosha. Nitakupeleka mwenyewe ofisi ya kodi, tunapita hapohapo tukibadili basi. Kisha tunampigia Daktari Ursache."

"Na nikiambiwa jibu baya?"

"Jibu lipo tayari, Anuța," Saveta alimwambia. "Ni wewe tu hujalisikia. Lisikie mapema. Usifanye kama sisi."

Anuța akaitika. Akairudisha leso mfukoni, akaahidi kuja, akaondoka kwa njia ya mtoni ili asipite mbele ya watu wa kahawa.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, theluji imekatika lakini barabara ni kioo. Basi limeshafika na injini inanguruma. Nechita amekaa kiti cha mbele, skafu mbili shingoni, mfuko wa plastiki mapajani iwapo atatapika. Saveta amebaki chini, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Tunamngoja nani?" anauliza dereva.

"Kuna abiria mmoja. Nipe dakika tano."

"Nikichelewa mjini, mama, basi la Iași halitungoji."

"Tano tu, mwanangu."

Dereva anazima taa kubwa. Kutoka kituoni, nyumba ya Gavril inaonekana vizuri. Taa ya jikoni inawaka. Kivuli kinapita dirishani, kinarudi, kinasimama. Abiria wawili wa nyuma wanasogea dirishani. Kila mtu kijijini anajua kusoma taa za jirani.

Dakika ya sita, taa ya jikoni inazimika. Mlango haufunguki.

Saveta anangoja kidogo zaidi. Kisha anapanda, analipa nauli ya watu wawili na kukaa karibu na mumewe. Basi linaanza kushuka taratibu.

"Labda ameghairi," anasema Nechita.

"Hajaghairi. Amezuiwa au ameogopa."

"Utafanyaje? Huwezi kumbeba."

Saveta ameshika mfuko wa plastiki uliokuwa mapajani mwa mumewe, anaukunja na kuukunjua. Hapa mwandishi anamuuliza anatumaini nini, kwa Nechita na kwa wengine, na yeye anatazama nje kana kwamba swali limeulizwa na mtu wa kiti kingine. Daktari wa Iași amewapa miezi ya kuhesabika, na ameomba wasimuulize ni mingapi.

"Kesho nitampelekea Anuța barua," anasema mwishowe.

"Barua gani?" anauliza Nechita. "Yake si imeshachomwa?"

"Nitaiandika mimi. Zipo barua ambazo hata mume haruhusiwi kuzipokea, lazima mwenyewe atoke atie saini mbele yangu. Nitailipia stempu ya aina hiyo. Gavril atake asitake, atanipisha."

Nechita anafumba macho, kichwa kwenye kioo. Wanakaribia daraja la bondeni anapouliza tena, kwa sauti ambayo imebaki ndogo sana.

"Na ndani utaandika nini?"

"Saa ya basi," anasema Saveta.